Kwa Nini Gitaa la Pembe Lilipinda Shingo

Gitaa la kwanza la umeme katika kwaya yetu lilikuwa la kampuni ya bei rahisi. Jina lake la kigeni lilikuwa refu na hakuna aliyeweza kulitamka sawasawa. Kwa kuwa kichwani mwake zilichorwa pembe mbili za mnyama, tukaliita Pembe. Mpaka leo ukienda kwa mafundi wa vyombo hapa Babati ukasema Pembe, wanajua unasema gitaa gani, na wengi watakwambia usinunue. Watakwambia magitaa ya Pembe yanapinda shingo. Nataka kueleza maneno hayo yametoka wapi, maana yametoka nyumbani kwangu.

Tulilinunua kwa kuchanga mahindi na alizeti. Wanakwaya wawili wakapelekwa Arusha, wakarudi na katoni refu limefungwa kamba ya katani. Walituambia dukani palikuwa na magitaa mengine mazuri zaidi, lakini magunia yetu yangetosha kununua vifungo vyake vya kukazia nyuzi tu. Mwenye duka aliwaambia hili la Pembe ni la wanaojifunza. Mwenyekiti wa kwaya akasema, "Hata sisi tunajifunza, leteni." Lilikuwa jekundu, na uzito wake mkononi kama wa mtoto wa miezi sita.

Aliyelipiga ni mume wangu. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alipokuwa anachunga kwao Mbulu alijitengenezea gitaa la debe, na alipoletewa hili la umeme alikaa nalo Jumamosi moja, Jumapili akalipiga. Sisemi alikuwa hodari kuliko wote. Nasema alikuwa mtu asiyeongea sana, na kwenye gitaa aliongea.

Kwetu chombo cha kanisa hakianzi kazi hivi hivi. Mchungaji aliliweka juu ya meza ya madhabahu, akaliombea, likawa limewekwa wakfu. Tangu siku hiyo halikuruhusiwa kupigwa popote isipokuwa kwenye ibada. Si harusini ukumbini, si kwenye sherehe za vijiji, na baa usiseme. Wakati huo kanisa lilikuwa na paa na madirisha lakini stoo yenye kufuli haikuwepo, kwa hiyo gitaa lilikaa kwa mpigaji wake. Yaani lilikaa kwangu, mtaa wa Nangara, chumbani, nyuma ya mlango.

Mwaka wa pili baba mkwe wangu aliugua. Mume wangu akapanda Mbulu kumuuguza, baada tu ya Krismasi. Tulidhani ni wiki mbili. Ikawa miezi, mvua zote kubwa zikamkuta huko. Aliteremka mara mbili kununua dawa, akalala karibu na stendi ili awahi gari la alfajiri, akapanda tena. Kwaya iliimba kwa ngoma na kayamba, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulipiga gitaa.

Sasa nieleze nilichofanya. Mwaka ule wadudu wanaotoboa mbao waliingia nyumbani. Miguu ya kitanda changu ilikuwa inadondosha unga kila asubuhi, nafagia, kesho upo tena. Kigoda cha mama yangu kilikuwa kimeshaliwa upande. Nikaliangalia gitaa nyuma ya mlango, mbao tupu, tena mbao ya kanisa, nikaogopa. Nilikotoka mimi, kitu unachotaka kisiliwe na mdudu unakiweka juu ya moto. Jikoni kuna uchaga, fito zilizofungwa juu ya mafiga, na hapo ndipo inapokaa mbegu ya mahindi, vibuyu vya maziwa, mpini mpya wa jembe, kila kitu cha thamani. Moshi unakilinda. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake alifanya hivyo. Basi nikalifunga gitaa kwa kanga ya zamani, nikalipandisha kwenye uchaga, katikati ya mahindi ya mbegu.

Likakaa huko mvua zote. Na wakati wa mvua moto wa jikoni kwangu hauzimiki.

Tena kuna jambo lingine. Jirani alichinja mbuzi, akanipa paja na mbavu. Nyama ilikuwa nyingi kuliko midomo, nikaikata vipande virefu, nikavitundika kwenye uchaga huo huo vikauke. Mafuta yalidondoka yalikodondoka. Sikuwaza.

Mume wangu aliporudi, baada ya kumzika baba yake, nilikuwa nimeshalishusha. Kanga ilikuwa nyeusi. Gitaa nalo lilikuwa limebadilika rangi kidogo, nikalisugua kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu mpaka likarudi jekundu, au karibu na jekundu, nikalirudisha nyuma ya mlango. Aliingia amechoka, macho ya msiba, hakuligusa mpaka Jumapili.

Jumapili akalichomeka kwenye spika, akaanza kukaza nyuzi. Hazikukaa. Akikaza huu, ule unalegea. Akipiga chini karibu na kichwa sauti ni sawa, akipanda juu inakuwa kama mtu anayelia akiwa na mafua. Vyuma vidogo vya kwenye shingo vilikuwa vimetokeza pembeni, vikamkata kidole. Ibada ikaenda bila gitaa. Baada ya ibada kamati ya kanisa ikalichukua, wakalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mmoja akafumba jicho akaangalia shingo kama fundi anavyoangalia ubao. Akasema, "Limepinda. Limepinda kama upinde."

Mzee wa kanisa mmoja akaliinua akalinusa. Alikuwa mtu wa kunusa mambo. Akasema, "Hili lina harufu ya nyama choma."

Ndivyo ilivyoanza. Nyama choma ni baa, kila mtu anajua. Mtu mwingine akakumbuka kuwa mume wangu aliteremka mara mbili, akalala mjini. Mwingine akasema zile siku alisikia gitaa linapigwa kwenye baa ya stendi. Kamati ikamwita. Mimi sikuitwa, wanawake hawakuwemo kwenye kamati siku hizo. Aliwaambia hajawahi kulipeleka baa. Walimwuliza, basi harufu hii imetoka wapi? Alisema hajui. Na kweli alikuwa hajui.

Alirudi nyumbani akanikuta nachambua maharage. Akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama siku zote, akaniuliza, "Nilipokuwa Mbulu, gitaa lilikaa wapi?"

Nikamjibu, "Lilikaa chumbani."

Hakuuliza mara ya pili. Aliniamini. Siku zile mimi nilikuwa kwenye umoja wa wanawake, na kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anatunza nyumba yake na nani hatunzi. Nilikuwa nimewasema wengi. Niliona nikisema ukweli kesho yake nitakuwa mimi ninayesemwa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Kamati haikutaka kumwaibisha. Kwenye taarifa ya usharika waliandika kwamba gitaa ni la bei rahisi na mbao yake ni hafifu, ndiyo maana limepinda. Lakini walimwambia pembeni apumzike kupiga. Akapumzika. Hakushika gitaa tena. Gitaa lenyewe, kwa kuwa limeshawekwa wakfu, halingeweza kuuzwa wala kutupwa, likapelekwa chumba cha nyuma cha kanisa. Na habari ya kwamba Pembe ni mbovu ikatembea. Ikafika Bagara, ikafika kwaya za vijijini. Kila kwaya iliyotaka kununua gitaa iliambiwa, msinunue Pembe, mnaona la wale lilivyopinda. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuisema. Nilisema kila niliposikia gitaa linatajwa. Kadiri nilivyolisema vibaya gitaa, ndivyo nilivyoona namtetea mume wangu.

Hivyo tuliishi. Alifuga nyuki, alilima, alilea watoto na mimi. Kanisani alikaa benchi la nyuma upande wa wanaume. Wapo walioamini ni gitaa, wapo walioamini ni baa, na hakuna aliyewahi kumwuliza tena.

Mwaka jana kwaya ilitaka kufanya jubilei yake, ikaamuliwa kiandikwe kijitabu cha historia. Kazi akapewa katibu wa kwaya, mwalimu kijana, mwanamke, mgeni kutoka Mbeya. Mtu mwenye adabu. Alikuja nyumbani na karatasi zake, akatusalimu shikamoo mmoja mmoja, akakaa. Mjukuu wetu wa kike aliyekuwa likizo kutoka chuoni alikuwepo, anamsaidia kuandika. Mwalimu akatusomea sehemu ya vyombo. Ilisema: gitaa letu la kwanza liliharibika mapema kwa sababu ya ubora hafifu wa kiwandani.

"Hapo ni sawa, mzee?" akamwuliza mume wangu.

"Ni sawa," akasema.

Mjukuu akasema, "Subirini. Ngoja nitafute hiyo kampuni kwenye simu, tuweke na historia yake kidogo, kitabu kinoge."

Akatafuta. Akasoma kwa sauti, mimi nikiwa namimina chai. Kampuni ilianzishwa Japani na fundi seremala aliyekuwa anatengeneza viti vya shule. Aliona vijana wanatamani magitaa ya umeme ya matajiri na hawawezi kuyanunua, akatengeneza la kwao. Alibana matumizi kwenye kila kitu. Vifungo vyembamba, rangi mkono mmoja, waya za kawaida za redio. Kitu kimoja tu alikataa kubana, na hicho ni shingo. Mbao ya shingo aliikausha mwenyewe miaka mingi kabla ya kuikata. Baadaye alipokufa, watoto wake wakahamisha kiwanda Korea, halafu China, shingo zikawa za kawaida kama za wengine. Lakini yale ya kwanza, yenye pembe nyekundu kichwani, watu wanayatafuta dunia nzima.

"Sikilizeni hapa," mjukuu akasema. "Wanasema, ni magitaa ya maskini, lakini shingo zake hazipindi. Babu! La kwetu lilikuwa na pembe za rangi gani?"

"Nyekundu," akasema mume wangu.

Mwalimu akabaki anaangalia karatasi yake. Ni mtu anayependa ukweli uandikwe, na si kosa. Akasema taratibu, "Basi hapa nimekosea. Siwezi kuandika ubora hafifu, watu watasoma na simu zao mkononi." Akakata mstari kwa kalamu. Akafungua faili la kumbukumbu za kamati za zamani, akapekua, akasoma maswali ya baa aliyoulizwa mpigaji. Halafu akaandika, na kwa kuwa ni mkweli akatusomea alichoandika: gitaa letu la kwanza liliharibika mapema kwa kutumika nje ya ibada.

Jina halikuwemo. Halikuhitajika. Hapa hakuna asiyejua nani alipiga gitaa la kwanza.

"Samahani, mzee," akasema. "Kama kuna maelezo mengine niambie, nitayaweka."

Mume wangu akasema, "Andika, mwalimu. Swali hilo nililijibu zamani." Akanywa chai yake yote, akatoka nje kwenye mizinga.

Nilimtazama kupitia dirishani. Ameshakuwa mzee, mgongo umeinama. Nikaona atakufa na kitabu kitabaki. Wajukuu wa wajukuu watasoma kwamba babu yao alichukua chombo cha madhabahu akakipeleka kwa walevi. Gitaa lililokuwa linanifichia uongo limesafishwa na simu, na uchafu wote umebaki kwake.

Kesho yake alasiri nilimfuata alikokuwa anachonga mpini. Nilikuwa nimeamua kwamba yeye aambiwe kwanza, kabla ya kamati.

"Lile gitaa nililiweka juu ya moto," nikasema.

"Gitaa lipi?"

"La kanisa. Kwenye uchaga. Niliogopa wadudu."

Akaacha kuchonga. "Lini?"

"Ulipokuwa Mbulu."

"Siku ngapi?"

"Mpaka uliporudi. Na nyama nilikausha hapo hapo."

Alikaa. Nikaona anahesabu, si siku, anahesabu mambo. Akasema, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema chumbani."

"Nilisema chumbani."

Nilitegemea atafoka. Angefoka ningejua la kufanya. Aliingia ndani, akachukua koti na fimbo, akaondoka kwenda kwa mwanetu anayekaa kijiji cha Mutuka. Chakula cha jioni nilikipika, nikakila na mjukuu, na yeye hakuniuliza kitu kwa sababu alikuwa amesikia.

Jumamosi nikaenda kwenye kamati. Siku hizi wanawake tumo, lakini mimi nilikwenda kama wa kuhojiwa, nikasimama. Mwalimu alikuwepo na karatasi zake. Yule mzee wa kanisa aliyelinusa gitaa alikuwepo pia, bado yupo, anatembea kwa kushikwa mkono ila masikio yake mazima. Nikasema yote kwa mpigo mmoja.

Mwenyekiti akasema, "Mama, naomba nielewe. Gitaa la madhabahu lilikaa juu ya mafiga?"

"Juu ya mafiga."

"Na ile harufu?"

"Mbuzi. Paja na mbavu."

Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza, mama mnene mwenye vichekesho, akasema, "Kumbe liliokoka kabla yetu, likapakwa mafuta!" Wakaangua kicheko. Hata mwalimu aliziba mdomo kwa karatasi. Mimi sikucheka na yule mzee hakucheka.

Mzee akasema, "Pua yangu haikukosea."

Nikamwambia, "Pua haikukosea, mzee. Aliyekosea ni mdomo. Ulinusa nyama, ukasema baa."

Akageuza uso nilikosimama. "Sawa. Mimi mdomo wangu ulisema kisichokuwepo. Wa kwako, mama, ulikuwa wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikakaa chini.

Kamati ikaamua mstari ule ufutwe, na mume wangu aombwe radhi. Mzee akasema ataenda mwenyewe. Wakampakia kwenye bajaji pamoja na mwenyekiti, wakaenda Mutuka. Mimi sikwenda. Mwenyekiti ndiye aliyenieleza baadaye. Alisema wawili wale walikaa chini ya ukuta, wakaongea habari za mahindi muda mrefu, mpaka yeye akachoka. Mwishoni mzee akasema, "Nilikukosea." Mume wangu akajibu, "Ulinikosea." Wakapeana mikono. Ndipo mwenyekiti akamwuliza anataka kamati ifanye nini zaidi. Kama anataka gitaa litengenezwe, litatengenezwa. Kama anataka apewe cheti siku ya jubilei, atapewa.

Akasema hataki cheti. Vidole vyake vimekauka, gitaa wapewe vijana. Anataka jambo moja. Ukweli uandikwe kwenye kitabu, na siku ya jubilei ukurasa huo usomwe mbele ya usharika. "Na asome yeye mwenyewe," akasema. Ujumbe huo nikaletewa.

Mimi nimeishia darasa la nne. Kusoma nasoma, Biblia naisoma, lakini kwa kidole na polepole, na mbele za watu sijawahi. Alikuwa anajua. Mjukuu alisema, "Bibi, nitakusomea mimi, Babu hatakataa." Nikamwambia, "Hakukuuliza wewe, aliniuliza mimi." Mwalimu akaleta ukurasa. Alikuwa ameuandika kwa upole mno, kwamba gitaa lilipata hitilafu kutokana na hifadhi isiyofaa. Nikamrudishia. Nikamwambia andika moto, andika moshi, andika nilisema uongo. Akaandika. Nikasoma kila alasiri barazani, wiki mbili, mjukuu akinisahihisha. Mafundi wa Pembe nao nikataka watajwe, kwamba walifanya kazi yao vizuri, kwa maana niliwasema miaka yote hiyo na hawakuwa na mtu wa kuwatetea hapa Babati.

Mume wangu alirudi siku tatu kabla ya jubilei. Aliingia, akatundika koti, akaomba maji ya kuoga. Tulisemeshana ya nyumbani tu. Maji, kuni, mbuzi amefungwa wapi.

Siku yenyewe kanisa lilijaa, wageni kutoka sharika nyingine, kwaya tano. Waliniita mbele. Nilishika karatasi kwa mikono miwili, na kidole nikakiweka kwenye mstari, sikuona aibu ya kidole. Nikasoma. Kwamba gitaa letu la kwanza lilikuwa zuri. Kwamba mpigaji wake hakulipeleka mahali popote pasipofaa. Kwamba mke wake alilitundika juu ya moto wa jikoni msimu mzima wa mvua, kwa kuogopa wadudu, likapinda. Kwamba alipoulizwa na mume wake alisema uongo, na mume akabeba lawama. Nikamaliza, nikakunja karatasi, nikaanza kurudi benchini.

Upande wa wanaume mtu akasimama. Alikuwa yeye, kijitabu kimefunguliwa mkononi. Sikuwa nimemwona akisimama kanisani kusema neno tangu walipomwambia apumzike.

"Umeruka mstari," akasema.

Ni kweli niliuruka. Makusudi. Wageni wote wale, kwaya tano.

Nikarudi mbele, nikafungua karatasi, nikatafuta kwa kidole mpaka nikaupata, nikausoma kwa sauti kubwa kuliko mwanzo: "Pamoja na nyama ya mbuzi."

Kanisa zima likacheka. Yeye alisubiri niukunje ule ukurasa, ndipo akakaa.